Koti la Mama limetoka Memorial, linakwenda Harbin

Julai 2024 nilipanda Mamba Miamba kumsalimia Mama, nikamkuta amekaa chumbani na jiko la mkaa linawaka, mlango umefungwa, upenyo wa dirisha umezibwa kwa khanga. Watu wa Same mjini, wanaolala na feni karibu mwaka mzima, wakiitazama milima ya Upare hawafikirii kwamba huko juu Julai ukungu unaingia hadi jikoni na watoto wanakwenda shule na masweta.

Nililitoa jiko nje kabla hata sijamwamkia. Nilikosa adabu, najua. Lakini kwa kazi yangu ya habari za afya nimekutana mno na habari za watu waliolala na jiko la mkaa wasiamke. Mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, inachukua nafasi ya oksijeni kwenye damu, na mtu husikia kichwa kinauma kidogo, kisha usingizi. Nilimweleza Mama yote hayo nikiwa bado nimebeba begi mgongoni. Akanisikiliza hadi mwisho, halafu akauliza:

"Sasa mdogo wako huko aliko anaota nini?"

Mdogo wangu anasoma udaktari Harbin, kaskazini-mashariki mwa China, tangu Septemba 2019. Januari wastani wa joto huko ni kama nyuzi 18 chini ya sifuri, na usiku hushuka zaidi. Nikamwambia Mama kule hawaoti mkaa, nyumba zinapitishwa mabomba ya maji ya moto. Akanyamaza. Kisha akasema anataka kwenda kuyaona hayo mabomba. Nilidhani anatania.

Hakuwa anatania, na sababu naijua. Baba alifariki Januari 2021. Wakati huo China ilikuwa imewafungia mipaka wanafunzi wa kigeni tangu Machi 2020 kwa ajili ya Uviko-19, na waliokuwa nje hawakuanza kuruhusiwa kurudi vyuoni hadi Agosti 2022. Mdogo wangu angeweza kuja kumzika baba yake, ila asingeweza kurudi kusoma. Ukoo ulikaa, ukaamua abaki. Mazishi akayafuata kwenye simu niliyoishika mimi. Huku ilikuwa saa tisa alasiri, kule saa mbili usiku. Alikuwa amesimama nje ya bweni kwenye theluji, hakutaka wenzake wa chumbani wamwone analia. Jeneza lilipoanza kushushwa, picha ikakatika. Nikapiga tena na tena, hapatikani.

Kwa miaka mitatu na nusu Mama aliamini kwamba kijana alikata simu kwa sababu alishindwa kuvumilia. Hakuwahi kumuuliza. Naye hakuwahi kusema.

Kwa hiyo tulipoitisha kikao cha familia Agosti, na baba mdogo akasema jambo la akili kabisa, kwamba fedha hiyo ingetosha kumleta kijana nyumbani na chenji ikabaki, Mama alijibu kwa sentensi moja: "Akija atanikuta mimi. Mimi nataka kumkuta yeye." Baba mdogo akaniangalia mimi, mwenye kisomo. Nikaangalia chini.

Wapare tunasingiziwa ubahili nchi nzima, na utani wake tumeuzoea. Safari hii niliamua kuutumia ubahili huo kama taaluma. Bajeti yetu ilikuwa fedha ya tangawizi ya Mama ya misimu miwili, akiba yangu, na mchango wa baba mdogo ambaye baada ya kupinga alitoa kuliko wote. Jumla shilingi milioni 7.7 kwa watu wawili, kwa sababu Mama ana miaka 61, hajawahi kupanda ndege, na peke yake asingekwenda.

Swali la kwanza lilikuwa kwa nini tusisubiri joto. Likizo ya katikati ya mwaka mdogo wangu hana, kwa kuwa yuko mwaka wa mwisho, na akimaliza mafunzo ya hospitali anarudi nyumbani. Nafasi pekee ni Januari, akimaliza mitihani. Lakini Januari ya China ina mtego wake. Mwaka Mpya wa Kichina uliangukia Januari 29, 2025, na wiki mbili kabla yake mamilioni ya watu huanza kurudi kwao. Tiketi za treni zinagombaniwa kama za mabasi yetu ya kwenda Moshi na Arusha Desemba. Februari 2025 Harbin yenyewe ilikuwa na michezo ya majira ya baridi ya Asia, na hoteli zisingekamatika. Tukabakiwa na tundu dogo la kupita: kuondoka Jumapili Januari 5, kurudi Alhamisi Januari 16. Jumapili si bahati. Mama ni Msabato, na Mamba ni nyumbani kwa Wasabato tangu Wajerumani walipofungua misheni Giti mwaka 1903. Siku ya Jumamosi hasafiri hata kwenda Same.

Hapo mdogo wangu akatupa taarifa iliyomchanganya Mama. Harbin Januari jua huzama karibu saa kumi alasiri. Maana yake Sabato inaingia Ijumaa saa kumi, wakati kwetu watu ndio kwanza wanatoka shambani. Mama ameifikiria jambo hili kuliko viza.

Mimi, kwa kubana matumizi, nilikuwa na wazo la kukwepa Harbin kabisa. Kuna ndege ya Air Tanzania inayokwenda Guangzhou, kusini, ambako Januari si baridi ya kutisha. Kijana ashuke kwa treni, tukutane huko, tuokoe nguo na hofu. Mama akasema hakulima tangawizi ili akaone Guangzhou. Lakini katika kuulizia nilijifunza kitu ambacho kingenigharimu kama ningepanga kwa kuangalia utabiri wa hali ya hewa peke yake. Tangu miaka ya 1950 China iligawanywa na mstari wa mto Huai na milima ya Qinling. Kaskazini mwa mstari huo majengo ya mijini hupashwa joto kwa mabomba ya pamoja. Kusini mwake hayakuwekewa. Harbin hupashwa kuanzia Oktoba 20 hadi Aprili 20. Nje unaganda, ndani unakaa na fulana. Katika miji iliyo kusini ya mstari lakini bado ina baridi, kama Wuhan, nje kunaweza kuwa na nyuzi 4 na ndani pia karibu hivyo hivyo, na hoteli ya bei ya chini itakupa kiyoyozi kinachopuliza uvuguvugu. Msafiri wa fedha kidogo anaumia zaidi pale kuliko Harbin.

Nilimweleza Mama pia kuhusu kang, kitanda cha matofali cha vijijini kaskazini, ambacho moshi wa jiko hupitishwa chini yake kwenda kwenye dohani ili mtu alale juu ya joto. Hicho alikielewa mara moja. Akauliza dohani wanalijenga upande gani, na nilivyomjua, alikuwa ameshaanza kupima jikoni kwake.

Afya ndiyo iliyokaribia kuiua safari. Mama ana shinikizo la damu kwa miaka tisa. Agosti nilimpeleka kliniki Same, kipimo kikasoma 172 kwa 98. Daktari akauliza kuhusu vidonge, Mama akajibu anavimeza "nikijisikia vibaya." Wazazi wengi mnaosoma hapa mtakuwa mnaitambua sentensi hiyo, au mnaisema. Presha haisikiki. Mtu anajisikia mzima huku mishipa inachakaa, anaacha vidonge wiki mbili, anavirudia kichwa kikiuma, na anaita hiyo ni kutumia dawa.

Baridi inaongeza mzigo. Mwili ukipigwa na baridi kali, mishipa ya damu karibu na ngozi hujibana ili kuzuia joto lisitoke. Damu inapita kwenye njia nyembamba, moyo unasukuma kwa nguvu zaidi, presha inapanda. Ndiyo maana nchi za baridi huona mshtuko wa moyo na kiharusi zaidi wakati wa majira hayo. Daktari hakumkataza. Alimwekea sharti: miezi mitatu ya dawa kila siku bila kuruka, chumvi ipunguzwe, na kipimo kiwe chini ya 140 kwa 90 mara mbili mfululizo. La sivyo hataandika barua ya kumruhusu.

Nimemhubiria Mama habari ya vidonge kwa miaka. Nimemtumia hata makala zangu mwenyewe. China ilifanya kazi hiyo kwa wiki moja. Alinunua kiboksi cha dawa chenye siku saba, akakiweka juu ya redio, na jirani akiingia anaoneshwa. Oktoba kipimo kilisoma 138 kwa 84, Novemba 134 kwa 82. Barua tunayo. Vidonge vitasafiri kwenye begi la mkononi, kwenye paketi zake, pamoja na cheti cha daktari, na vya wiki mbili za ziada kwa kuwa ndege zinachelewa. Mashine ndogo ya kupima presha inakwenda pia.

Viza ilinichosha kuliko nilivyotarajia, na kosa lilikuwa letu. Ndugu wa mwanafunzi aliyeko China huomba viza ya aina ya S2 ya kutembelea familia. Inahitaji barua ya mwaliko ya mwanafunzi, nakala ya pasipoti yake na kibali chake cha kuishi kule, pamoja na uthibitisho wa undugu, yaani vyeti vya kuzaliwa. Kwenye cheti cha mdogo wangu Mama ameandikwa kwa jina la ubatizo na la babu yangu. Kwenye pasipoti yake mpya ana jina la ukoo wa Baba. Kwa karatasi, yule mama na huyu mama ni watu wawili. Tukaenda kwa wakili, tukala kiapo, tukatafsiri. Kama una mtoto anayesoma nje, toa vyeti vyenu vyote leo vilale mezani pamoja, linganisha herufi kwa herufi. Usisubiri kama sisi.

Nauli ya ndege, kutoka KIA kupitia Addis Ababa hadi Beijing na kurudi, ilikula shilingi milioni 5.2 kwa wawili. Kuondokea KIA kulituokoa safari ya Dar. Kutoka Beijing kwenda Harbin kuna zaidi ya kilomita 1,200. Treni ya mwendokasi inachukua takriban saa tano na inagharimu karibu mara mbili ya kitanda cha treni ya kawaida ya usiku. Tumechagua kitanda. Tunalala njiani, tunaokoa usiku mmoja wa hoteli, na Mama anafika akiwa amenyoosha miguu. Tiketi hufunguliwa siku 15 kabla, kwa namba ya pasipoti, na mdogo wangu ndiye atakayekaa macho siku hiyo.

Bweni lake haliruhusu mgeni kulala. Ametupatia chumba cha hoteli ndogo karibu na chuo kwa yuan 130 kwa usiku. Nilipokuwa nakokotoa, nilizidisha yuan kwa shilingi 370. Hoteli ndiyo inayokuandikisha polisi, jambo ambalo kila mgeni lazima lifanyike ndani ya saa 24 baada ya kufika. Chakula nilikihofia kwa sababu ya nguruwe, ambaye kule yumo hadi ndani ya mboga za majani. Mdogo wangu akacheka. Kila mtaa una mgahawa wa Waislamu wa Kichina, kibao kina maandishi ya Kiarabu, tambi zinavutwa kwa mkono mbele yako na supu ya ng'ombe, bakuli yuan 15 hadi 20. Msabato wa Mamba ataponea kwa Waislamu wa Lanzhou.

Maonesho makubwa ya barafu ya Harbin, yale ya majumba yanayowaka taa, kiingilio chake kinazidi yuan 300 kwa kichwa. Mama alipoambiwa ni zaidi ya laki moja alisema barafu ya kulipia haihitaji. Tutatembea mtaa wa Zhongyang ambako sanamu za barafu zinatazamwa bure, hadi kwenye mto Songhua ulioganda. Hilo la mto amelikataa pia. Anasema ataliangalia kutoka ukingoni.

Nguo ndizo zilizonifurahisha. Nilianza Same sokoni, na wauza mitumba wakanicheka. Makoti mazito wanayaona mzigo, kwa joto lile nani avae. Mmoja akaniambia niende Moshi, soko la Memorial, kwa sababu wapagazi wa Mlima Kilimanjaro ndio wanunuzi wake. Nilikuwa nimeulizia pia maduka yanayokodisha nguo za mlima, lakini wanakodisha kwa siku, na siku 12 zilizidi bei ya kununua. Memorial nilizunguka kutwa nzima. Koti la Mama la manyoya ya bata, linalofika magotini, nilitajiwa 80,000 nikalipa 45,000. Nilipolifungua nyumbani nilikuta lebo ya ndani ina maandishi ya Kichina. Limeshonwa kule, likavaliwa na mtu wa nchi nyingine, likaingia kwenye belo, na sasa linarudi na mwanamke wa Kipare.

Mdogo wangu alitupa masomo ya kuvaa kwa ujumbe wa sauti, jioni baada ya jioni, Mama ameketi na simu sikioni. Nguo inayogusa ngozi isiwe pamba, kwa sababu pamba ikinyonya jasho haikauki na inakupoza. Iwe sufu au kitambaa cha michezo. Katikati sweta. Juu koti lisilopitisha upepo. Ziwe nyingi nyepesi, maana ukiingia ndani ya jengo ni nyuzi 20 na zaidi, lazima uvue haraka kabla hujatoka jasho la kurudi nalo nje. Mdomo na pua vifunikwe unapotoka. Chuma usikishike kwa mkono mtupu. Vidole vikifa ganzi na kuwa vyeupe, ingia ndani, usivisugue wala kuviweka karibu na moto. Pombe haipashi joto, ila hilo kwa Mama lilikuwa somo la bure.

Jioni moja ya Oktoba akafika kwenye simu.

"Mama, simu muiweke mfuko wa ndani, karibu na mwili. Betri ikipigwa na baridi inazima hata kama imejaa nusu. Ndivyo ilivyonifanyia siku ya Baba. Ilizima mkononi. Nilikimbia ndani kuiwasha, ilipowaka mlikuwa mmeshamaliza."

Ujumbe ulikuwa wa sekunde 40 hivi. Kulikuwa na mengine baada ya hapo, kuhusu mafuta ya kupaka midomo. Mama aliurudia mara ya pili, akaurudia mara ya tatu. Kisha akanirudishia simu na kwenda nje kukusanya kuku, ingawa walikuwa wameshaingia bandani.

Hatujaizungumza hadi leo. Siku iliyofuata aliniuliza tu kama kuna betri za kubeba, nikamwonesha pawabanki yangu. Akataka mbili.

Sasa tuko kwenye kufungasha. Wiki iliyopita nilitoa kwenye begi lake kilo tatu za mahindi ya makande, maharage, na mizizi ya tangawizi yenye udongo. Nafaka za mbegu na mazao mabichi hayaruhusiwi kuingia China, yangeishia forodhani. Tulibishana. Alisema mtoto hajala makande ya mama yake miaka mitano. Nilisema najua. Tumekubaliana kwamba kule kuna mahindi na maharage, na sufuria tutaazima.

Ratiba ya siku ya kwanza ameipanga mwenyewe. Hataki mtaa wa sanamu, hataki mto. Anataka kupelekwa nje ya bweni, mahali kijana aliposimama, usiku saa mbili kama siku ile. Mdogo wangu amemwambia saa hizo itakuwa nyuzi 20 chini ya sifuri au zaidi. Mimi kama mwandishi wa afya nimekubali dakika tano, tukiwa tumeshapima presha. Anataka kumi.

Koti lipo, soksi za sufu zipo jozi nne, mzula wa kufunika masikio amefuma mwenyewe. Kilichobaki ni viatu. Soli nyembamba kwenye theluji inapitisha baridi kuliko koti bovu, na namba yake ni 37, ambayo katika mabuti ya mlima ni adimu. Jumatano narudi Memorial.